Je, Silvanus Alizima Injini?

Laurel, Maryland, Marekani
20 Septemba 2009

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na kifua hakikusumbui. Sisi huku ni wazima. Mama bado anatunza wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, na siku za zamu mbili anarudi miguu imevimba. Mimi nimeingia darasa la tisa, ambalo huku ndilo mwanzo wa sekondari. Mwalimu wa sayansi aliniuliza kwa nini majibu yangu ni marefu hivyo. Sikumwambia kwamba wewe ulinifundisha kuwa jibu fupi ni la mtu mwenye haraka.

Simu huisikii tena, kwa hiyo Baba amesema nikuandikie, na kwa Kiswahili, kama marehemu Bibi Wambura, mke wako, alivyotaka barua za nyumba yetu ziandikwe. Baba angeandika mwenyewe. Alikaa na kalamu, akaandika jina lako, akanipa karatasi. Nadhani ni kwa sababu jambo lenyewe linaanza na habari ambayo hatukukuambia: lile ghala la Landover lilimwachisha kazi tangu Machi.

Tangu wakati huo anakata nyasi za watu kwa trekta ndogo. Usicheke, Babu. Mtu huikalia kama amepanda ndama. Lakini baridi ikija nyasi hulala, na kazi inakwisha. Baridi iliyopita, nje ya saa za ghala, Baba na jirani yetu Bwana Gahungu, ambaye ni Mrundi, waliondoa theluji kwa sepetu kwenye nyumba za kupanga kule Beltsville, na Baba aliumwa mgongo mpaka Pasaka. Mwaka huu msimamizi wa nyumba hizo, Bi. Cheryl, amesema hataki tena watu wa sepetu. Anayetaka kazi aje na mashine.

Ipo mashine ya kurusha theluji inayofungwa mbele ya trekta kama hiyo yetu. Kuna mzee anaiuza, imetumika. Bila kazi hii Baba hatakuwa na la kufanya mpaka nyasi ziote tena, na tayari kodi inatoka kwenye miguu ya Mama peke yake. Lakini Baba anasema katika nyumba yetu hakuna mashine inayoingia bila wewe kusema iingie. Tunaomba neno lako.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Moi's Bridge, Kenya
11 Oktoba 2009

Jeptoo mjukuu wangu,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma bila msaada. Kifua kiko hivyo hivyo. Mahindi yamekauka vizuri na wiki ijayo tunaanza kuvuna. Shangazi yako Chepngetich alikuja kutoka Kitale na sukari, akanipigia kelele sikioni mpaka mbwa akakimbia.

Mwambie Silvanus kwamba kuachishwa kazi hakumwaibishi mtu. Kunificha tangu Machi ndiko kunakoaibisha. Msomee sentensi hiyo akiwa ameketi.

Sasa mashine. Siwezi kusema iingie wala isiingie kabla sijajua ni mnyama gani. Je, hiyo theluji huja kila mwaka, au kuna mwaka inakataa kama mvua? Mashine inazungushwa na mkanda au na shafti? Inakula kwa mbele au kwa nyuma? Na ikisakamwa, inafunguliwaje? Kila mashine inayokula husakamwa. Mtu asinunue mashine kabla hajauliza swali hilo.

Nijibu yote. Mwambie asilipe kwanza.

Babu yako,
Kipkemboi

---

Laurel
1 Novemba 2009

Babu mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kwamba mahindi yamekauka. Mama anakusalimu sana na anakuomba uvae sweta hata kama huoni baridi. Nilimsomea Baba ile sentensi akiwa ameketi. Akasema, "Irudie." Nikairudia.

Jumamosi tulikwenda kuiona mashine, mimi, Baba na Bwana Gahungu. Najibu kwa utaratibu wa maswali yako. Theluji haiahidi. Kuna mwaka inakuja kidogo tu na kuyeyuka kabla ya chakula cha mchana, na hilo ndilo linalomnyima Baba usingizi, kwa sababu Bi. Cheryl hulipa theluji ikianguka tu. Mashine inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini ya trekta. Inakula kwa mbele. Ina mdomo mpana wa chuma, na ndani yake parafujo kubwa inayosukuma theluji katikati. Nyuma ya parafujo kuna mapanga yanayozunguka na kuirusha mbali kupitia bomba.

Bwana Gahungu aliinama akaangalia ndani, akasema, "Silvanus, hii kitu iko na meno mingi kuliko mamba ya mto Rusizi."

Baba akasema, "Ni mashine ya kupukuchua mahindi, basi tu imevishwa rangi nyekundu."

"Na mahindi yako wapi?"

"Yatashuka kutoka juu."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Baba akicheka tangu shule zifunguliwe. Mwenye mashine anahamia kusini kwa mtoto wake na anataka jibu kabla ya sikukuu ya Novemba ya kushukuru. Baba alimwambia kwamba anasubiri neno la baba yake. Mzee yule alimtazama Baba, akatazama mvi zake, akasema sawa, atangoja.

Kuhusu kusakamwa, Baba anasema utajua wewe kuliko yule mzee.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Moi's Bridge
10 Novemba 2009

Jeptoo,

Marahaba, na Mama yako pia. Sweta nimevaa. Barua yako imekuja upesi kuliko zote na mimi najibu leo leo, maana kijana wa posta anapita.

Silvanus amesema kweli. Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni ndugu wa mashine yangu ya kupukuchua. Nimeilisha mashine hiyo tangu baba yako hajaota meno, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo, vimeshika kalamu hii. Wengi niliofanya nao kazi hawana. Tofauti yangu na wao ni moja. Ikisakamwa, nazima injini. Sipunguzi moto wala kumwambia mwingine ashike wenzo. Nazima kabisa, nangoja kimya, ndipo naingiza mkono na kuvuta magunzi. Mashine iliyozimwa ni chuma tu.

Basi neno langu ni hili: iingie. Silvanus azime injini, angoje kimya, ndipo aingize mkono. Akilishika hilo, hiyo mashine haitamfanya kitu.

Babu yako,
Kipkemboi

---

Laurel
27 Desemba 2009

Babu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Tulikula mbuzi kwa akina Gahungu na Mama alipata siku nzima ya kulala. Natumaini na ninyi mlikula vizuri.

Barua yako ilifika siku mbili tu kabla ya ile sikukuu. Baba alivaa shati la kanisani kwenda kulipa mashine.

Na theluji imekuja, Babu. Ilianza usiku wa kuamkia Jumamosi kabla ya Krismasi na ilipokoma ilifika kiunoni mwangu mahali upepo ulipoirundika. Magari yalikuwa matuta tu. Watu wa redio walisema Desemba haijawahi kuwa hivi kwa miaka mingi. Baba alifunga mkanda, akawasha, na ile theluji ikaruka juu ya uzio kama unga. Watoto wa Beltsville walitoka kumpigia makofi. Bwana Gahungu alitembea nyuma na sepetu akisafisha ngazi, akiimba. Bi. Cheryl alisema kazi ni ya Baba mpaka Machi.

Ilisakamwa mara moja. Baba alizima, akangoja, akatumia mkono, ikafunguka. Alinyanyua vidole akanionyesha vyote, akasema, "Mwandikie Babu."

Mzee aliyetuuzia alitupa pia kitabu cha mashine. Nilitaka kumsomea Baba kwa sababu Kiingereza cha humo ni kigumu. Akasema, "Babu ameshasema. Wewe soma vitabu vyako vya shule." Nimekiweka kabatini.

Tunakushukuru sana.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Moi's Bridge
17 Januari 2010

Jeptoo,

Marahaba. Hapa ni vumbi na kupukuchua kuanzia asubuhi. Barua yako nimeisoma kanisani baada ya ibada, kwa sababu wazee waliniomba. Wameipenda ile theluji inayoruka kama unga. Mzee mmoja akauliza kama kweli ni mimi niliyeruhusu mashine hiyo kutoka hapa hapa nilipoketi. Nikasema ndiyo. Samehe majivuno yangu, mzee hupata nafasi chache.

Mwambie Silvanus aendelee hivyo hivyo.

Babu yako,
Kipkemboi

---

Laurel
14 Februari 2010

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kupukuchua kumekwisha salama. Tumepata barua yako. Mama anakusalimu.

Theluji nyingine imeanguka, kubwa kuliko ya Desemba, na kabla haijaondolewa ikaja nyingine juu yake. Shule zimefungwa wiki nzima. Umeme ulikatika na tulilala sebuleni wote pamoja na makoti. Theluji ya mara hii ni tofauti. Ilikuwa na maji, nzito kama matope meupe, na matawi ya miti yamevunjika kila mahali.

Baba ameumia mkono kidogo. Daktari amemwona. Kazi ya Beltsville inaendelea na Bwana Gahungu.

Nitaandika zaidi shule zikifunguliwa. Samahani kwa jibu fupi.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Moi's Bridge
7 Machi 2010

Jeptoo,

Marahaba. Sisi ni wazima.

Chepngetich amekuja jana kutoka Kitale. Mama yako alimpigia simu. Safari hii hakunipigia kelele sikioni, aliandika kwenye karatasi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekatika, na cha nne hakikunjiki. Wewe umeniandikia "kidogo". Nitalizungumza hilo nawe siku nyingine.

Nimekaa na hasira tangu jana. Nilisema azime injini. Niliandika kwa mkono wangu. Silvanus tangu mtoto alikuwa na haraka. Alikuwa anataka gunia lijae kabla mahindi hayajamwagwa. Naona ameona baridi, ameona kazi bado ni nyingi, akasema moyoni mwake, mzee yuko mbali hanioni. Wazee kanisani wameuliza nikawaambia hivyo hivyo, kwamba mwanangu hakusikia.

Nijibu swali moja tu, na jibu wewe mwenyewe, usimpe yeye kalamu. Je, Silvanus alizima injini?

Ikiwa hakuzima, asiniombe tena neno juu ya mashine yoyote. Neno lisilofuatwa ni la kazi gani?

Kipkemboi

---

Laurel
28 Machi 2010

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu akupe nguvu unaposoma barua hii, na kama Shangazi Chepngetich yupo, mwambie akae karibu nawe.

Nilimsomea Baba barua yako. Alikuwa ameweka mkono juu ya mto kama daktari alivyomwambia. Nilipofika kwenye swali akasema, "Mwandikie kwamba sikuzima."

Nikasema, "Lakini Baba, nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo."

"Ulizima. Nilisikia kimya."

Akasema, "Jeptoo, sikiliza. Mzee akiamini mimi ni mkaidi, atanikasirikia, atakula chakula chake, atalala. Akijua nilizima, hatalala tena. Mwandikie nilivyosema."

Mama alikuwa anavaa viatu vya kazi. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akafungua, akafunga tena.

Nimebeba jambo hili tangu barua yako ilipofika. Baba ni baba yangu na sijawahi kumkatalia. Lakini umewaambia wazee kanisani kwamba hakusikia, na yeye alisikia kila neno. Siwezi kuandika alivyotaka. Nimemwambia hivyo kabla ya kuandika, na hakuninyang'anya karatasi.

Babu, Baba alizima injini. Ilikuwa asubuhi, shule imefungwa, na mimi nilikuwa kwenye ngazi na sepetu. Ile theluji ya maji ilijaza bomba ikagoma kutoka. Baba alizima kabisa. Akashuka. Akasimama akingoja, mikono mifukoni, na Bwana Gahungu akamtania, "Unaiombea?" Baba akasema, "Nangoja kimya. Mzee alisema." Kisha akavua glavu, akaingiza mkono, akavuta.

Kitabu nimekisoma baadaye. Kinasema theluji nzito ikikaza yale mapanga, mkanda hubaki umevutika, kama kamba iliyosokotwa na kushikwa. Injini inakuwa imezimwa lakini nguvu bado imo ndani. Mtu akiondoa theluji, mapanga yanaachiwa na yanazunguka mara moja, upesi. Kinasema atumie mti, asiingize mkono kamwe. Kuna hata picha.

Hukuweza kujua. Mashine yako haina theluji. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu nyumbani, na Baba alinikataza kwa heshima yako tu. Sijui kama kuna aliyekosea. Nimejaribu kumtafuta na simpati.

Naomba usinyamaze.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Laurel
13 Juni 2010

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hatujapata barua kutoka kwako. Shangazi anasema kwenye simu kwamba unakula, lakini kidogo.

Nimemaliza darasa la tisa na nimefaulu. Mama amepunguziwa zamu moja, kwa hiyo Jumapili anakuja nasi kanisani. Baba anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Kukata nyasi anakaa kwenye trekta lakini Bwana Gahungu ndiye anayewasha na kufunga mkanda. Wanagawana.

Bi. Cheryl ameuliza kama watakuwepo baridi ijayo. Mtu mwingine wa huku Laurel ameuliza kama tunauza mashine. Baba hajamjibu yeyote kati yao. Kila mara anasema anangoja barua kutoka nyumbani. Mama alimwambia jana, "Silvanus, huoni kwamba mzee haandiki tena?" Baba akasema wewe utaandika.

Mashine imefunikwa turubai nyuma ya jengo. Mimi huzunguka upande wa pili nikitoka shule.

Mjukuu wako,
Jeptoo

---

Moi's Bridge
22 Agosti 2010

Silvanus mwanangu,

Nakuandikia wewe. Jeptoo akikusomea na asome, lakini barua ni yako. Salamu kwa mke wako. Mwambie miguu aiweke juu jioni. Jeptoo nimesikia amefaulu. Nimefurahi, na lile neno "kidogo" nimelisamehe.

Barua yake ya Machi ilinifikia katikati ya Aprili. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, nilijikuta nakufundisha tena. Zima hivi, shika hivi. Nikachana karatasi.

Siku ile ile nilikwenda kwenye banda. Niliwasha mashine yangu, nikaisakamisha kwa makusudi kwa magunzi yaliyolowa maji, nikazima. Nikaingiza mti na kuvuta. Haikufanya kitu. Nikarudia mpaka Chepngetich, aliyekuwa amekuja kunitazama, akatoka ndani kuniondoa. Yangu ikizimwa hufa. Nilidhani zote hufa.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nilisema mwanangu alizima injini. Nilisema aliambiwa aingize mkono na akauingiza, na aliyemwambia ni mimi. Mchungaji alitaka kuomba palepale nikamwambia aniache kwanza nikae.

Silali vizuri, ulisema kweli. Hiyo si kazi yako kuizuia. Ulitaka kunibebea jambo langu kwa mkono mbovu. Usifanye hivyo tena. Na mtoto alifanya vyema kukukatalia.

Nimesikia unangoja neno langu juu ya mashine, uuze au ubaki nayo kwa ajili ya baridi inayokuja. Sina neno. Sikunyimi kwa hasira, hasira imekwisha. Ukiiuza, umefanya sawa. Ukibaki nayo, wewe na Gahungu na kitabu chenu, umefanya sawa. Yule mama wa nyumba za kupanga mjibu mwenyewe, na usimwambie kuna mzee anayengojewa.

Nimelisha mashine maisha yangu yote. Theluji sijawahi kuiona.

Baba yako,
Kipkemboi